Mboga za Darini kwa Bi Mwanakuu

Siku hizi Nasipwondi akipanda darini hupanda akiimba. Sauti hana, na hilo nalisema bila kumsengenya kwa sababu majirani wa kichochoro kizima wameshamwambia usoni. Haachi. Huimba nyimbo za kwao Kimilili huku akiwafungulia kuku, na Mejumaa wa nyumba ya pili humpigia kelele kutoka darini kwake: "Mwanamke we, hao kuku wataacha kutaga!" Naye hucheka mpaka akashika kiuno. Ukimwona hivyo huwezi kudhani kwamba Ramadhani iliyopita alikuwa akipanda ngazi zizo hizo roho mkononi, akijiuliza leo atakuta nini kimekufa.

Ngojeni niwaeleze taratibu, maana habari hii pale mtaani imeshaharibiwa. Kila anayeisimulia huitia chumvi, kana kwamba haikuwa nayo ya kutosha.

Nasipwondi ni mtu wa bara. Kwao mtoto wa kike akizaliwa wakati wa viazi hupewa jina hilo, na yeye husema viazi vya mwaka ule vilikuwa vikubwa, ndiyo maana akatoka na mwili wake huu. Alikuja Mombasa kumfuata mumewe, Crispus, anayeendesha winchi bandarini. Yeye mwenyewe akapata kazi ya kupika chai na kusafisha katika ofisi ya mawakala wa forodha. Watoto wao wameshakua, kila mmoja na mji wake. Walipotafuta nyumba, Crispus alitaka Mikindani, huko ambako ukifungua mlango unasalimiwa kwa lugha ya mamako. Lakini mtu mmoja akawapeleka Mji wa Kale, nyuma kidogo ya Ngome ya Yesu, kwenye orofa ya pili ya nyumba ya Bi Mwanakuu. Crispus alisimama kichochoroni akilalamika kwamba hapa hata jeneza halipiti. Nasipwondi hakumsikiliza. Alipanda ngazi mpaka juu kabisa, akakuta dari pana, tambarare, iliyozungushiwa ukuta wa kiunoni, ina jua la bure tangu asubuhi hadi jioni, na juu yake hamna kitu ila tangi la maji na kamba ya nguo. Akashuka akihema.

"Hapa hapa," akasema. "Wewe lia, lakini hapa hapa."

Bi Mwanakuu alipoombwa ruhusa ya kulima darini alicheka mpaka buibui likamtoka kichwani. Yeye ni mjane, mtu wa Mvita asili kwa asili, ana magoti yanayomsumbua na jicho moja limeingia ukungu. Tangu mumewe afariki alikuwa hatoki sebuleni ila kwa lazima. "Mboga? Juu ya dari yangu?" akasema. "Haya, panda mwanangu. Bora tu usinipandie mgomba ukaniangushia nyumba."

Basi Nasipwondi akaanza. Udongo aliuleta kidogo kidogo kwa mifuko, Crispus akiubeba na kunung'unika kila ngazi. Vyombo vilikuwa chochote kilichotupwa na wenzake: ndoo za rangi, madebe, magunia, beseni lililopasuka. Kwa wauza madafu alichukua makumbi, akayachambua akayachanganya na udongo, ukawa mwepesi usiochosha boriti za nyumba ya watu. Ofisini alikusanya majani ya chai yaliyokwisha kupikwa, maganda ya ndizi na ya mayai, na wakubwa wake walizoea kumwona akitoka kazini na takataka zao amezikumbatia kama marupurupu. Kabati bovu alililaza chali likawa nyumba ya kuku. Kuku walikula mabaki ya jikoni, mbolea yao ikaenda kwenye madebe, mboga za madebe zikarudi jikoni. Hakikutupwa kitu. Wanaoandika vitabu wana jina la maisha ya namna hiyo, lakini Nasipwondi angekwambia kwamba kwao huko ni kuishi tu.

Na zikakubali, nawaambia! Mchicha, kunde, mnavu, mrenda, saga, pilipili, bilingani. Bi Mwanakuu alipoletewa saga mara ya kwanza alizipika kwa tui la nazi. Nasipwondi alipoona hivyo alishika mdomo, maana kwao saga hulazwa ndani ya maziwa na ukimwambia mtu habari ya nazi atadhani umechanganyikiwa. Alionja kwa heshima. Akaongeza. Akaomba na ya kumpelekea Crispus.

Sasa, kesi ilikuwa maji. Ya mfereji, kama mjuavyo, hutoka yakitaka. Nyumba ina kisima uani, kilichochimbwa na babu yake Bi Mwanakuu, na mashine huyapandisha maji yake mpaka kwenye lile tangi la darini, yakashuka kwa mabomba kwenda vyooni na bafuni. Nasipwondi aliyaonja siku ya kwanza akajua hayafai mboga. Yana chumvi. Si nyingi ya kukukunja uso, lakini ipo. Kwa hiyo aliweka mapipa ya kukinga mvua, na mvua ikikosekana alinunua maji matamu kwa wenye mikokoteni, mitungi ikapandishwa ngazi zote zile.

Bi Mwanakuu aliona ile mitungi ikipita mlangoni pake, ikamuuma. "Mwanangu, mbona wanunua maji na kisima ki hapo? Teka. Kisima hiki hakinyimi mtu."

Wewe ungejibu nini? Umwambie mama mtu mzima, mwenye nyumba, kwamba kisima cha babu yake hakifai? Nasipwondi alilelewa vizuri. Aliinamisha kichwa akasema, "Ahsante mama, maji ninayo ya kutosha. Nisikumalizie." Na neno hilo likaishia hapo.

Bi Mwanakuu ana binti mmoja, Swafia, anayekaa Nyali na mumewe. Si mtu mbaya, nasema mapema msije mkamchukia bure. Ana jicho la biashara tu. Aliona watalii wakitoka Ngome ya Yesu wamewiva kwa jua, akaikumbuka dari ya mamake, akaanza kuota miavuli, viti vya makuti, kahawa na halua. Akaja kumwambia mamake. Bi Mwanakuu akasema dari ina mtu. Swafia akasema mtu gani, hizo ni ndoo za rangi. Wakavutana wee, mwisho Swafia akatoa shauri.

"Mama, kusanyiko letu la Idi litakuwa hapa kwako. Nitapanda juu nione kwa macho yangu. Nikikuta bustani inastawi, sitasema tena. Nikikuta makopo makavu na mavi ya kuku, basi dari naichukua mimi."

"Haya," akasema Bi Mwanakuu, na jioni ile ile akampasha habari Nasipwondi. Nasipwondi hata hakushtuka. Mrenda ulikuwa umefika kiunoni. Akasema, "Mwambie aje na kapu, mama, atarudi nalo limejaa."

Haukupita muda, Ramadhani ikaandama, na jua la kaskazi likawa kali kweli kweli. Ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Siku za mwanzo aliona ncha za majani ya kunde zimekauka, akasema ni jua. Akatandaza leso kuukuu ziwe kivuli. Kisha mrenda ukaanza kunyauka, kuanzia kingo za majani kwenda ndani, kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto. Akaongeza maji. Mnavu ukaangusha maua. Saga, alizozilea kwa mbegu alizofungiwa na mamake kwenye pindo la kitambaa, zikawa vijiti. Mchicha peke yake ndio uliokuwa bado unajikaza. Na ajabu ni hii: kila alipokwenda kumwagilia jioni, udongo aliukuta una unyevu bado. Si kiu basi. Ni nini?

Jumamosi moja, hana kazi, aliinama akaona ukoko mweupe juu ya udongo wa debe la kunde. Akaukwangua kwa ukucha, akaugusisha ulimi.

Chumvi.

Akaonja debe la pili. Chumvi. Beseni, magunia, chumvi tupu. Aliketi chini pale pale, jua likimchoma utosi. Maana mvua hainyeshi chumvi, na maji ya mkokoteni aliyaonja ni matamu. Kwa hiyo kuna mtu. Kuna mtu anayepanda huku kwa siri na kumwaga chumvi juu ya mboga zake.

Akainua macho, na macho yakaangukia wapi? Darini kwa Mejumaa. Mejumaa ni fundi wa achari, na dari yake, iliyopakana na hii kwa ukuta mfupi tu, wakati wote imejaa masinia ya embe na ndimu zilizopakwa chumvi na kuanikwa juani. Na kabla ya mwezi kuandama, kuku mmoja wa Nasipwondi alivuka ukuta akadonoa embe za watu, na Mejumaa akapiga ukelele uliosikika mpaka msikitini: "Siku moja nitawatia chumvi nyinyi kuku niwaanike na mwenyewe wenu!" Wakati ule walicheka wote wawili. Sasa Nasipwondi akayakumbuka maneno yale na hayakumchekesha.

Jumapili jioni Crispus alimchukua matembezini ufukweni, barabara ya Mama Ngina, apunge upepo. Walinunua mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, wakakaa ukutani. Crispus akaona nafasi yake.

"Tuhame, mama. Kuna nyumba Mikindani, mwenzangu wa bandarini anaiacha. Ina kiuwanja. Utalima chini, kama binadamu wengine."

Nasipwondi alishika muhogo bila kuutia mdomoni. Machozi yakamtoka, na watu wanapita.

"Si mboga, Crispus. Mboga nitapanda tena. Nataka kujua ni nani anayenichukia hivi. Miaka yote hii nimekaa pale, nimesalimia kila mtu, nimezika nao, nimecheza harusi zao. Nilidhani wamenizoea. Kumbe nilikuwa najidanganya."

Crispus alimpa leso yake ya mkononi na muhogo wake pia.

Kesho yake aliporudi kutoka kazini Nasipwondi hakupitia hata kwake. Alipanda moja kwa moja mpaka ukutani akamwita Mejumaa, aliyekuwa akigeuza ndimu, mdomo umekauka kwa saumu. Sitaki kuyarudia yote aliyosema. Hakutukana, lakini alimuuliza kama chumvi yake imemzidi hata akaona aimwage kwa jirani.

Mejumaa aliweka sinia chini. "Chumvi yangu naitia kwenye achari, bibi wee. Niimwage kwenye mchicha wako nipate nini? Na saumu yangu hii, wanitakia niivunje kwa maneno?" Akafunika masinia yake moja moja, akashuka, asigeuke nyuma.

Nanyi mwajua Ramadhani ilivyo katika vichochoro vyetu. Tangu mfungo wa kwanza Nasipwondi alipohamia pale, Magharibi ikiadhiniwa mkono wa Mejumaa ulikuwa ukivuka ukuta na sahani ya kaimati, ingawa Nasipwondi ni Mkristo na hafungi. Jioni ile mkono haukuvuka. Crispus aliuliza, "Kaimati leo ziko wapi?" Nasipwondi akaingia chumbani akafunga mlango.

Idi ilikuwa imekaribia. Bi Mwanakuu alipomuuliza mboga zinaendeleaje, Nasipwondi alisema zinaendelea. Aliona haya kusema kweli, maana kusema zinakufa ni kusema mtu anaziua, na mtu huyo ni jirani wa Bi Mwanakuu tangu utoto. Akaamua kitu kimoja: atamkamata mwenyewe. Jioni udongo una unyevu, asubuhi anapowafungulia kuku kabla ya kwenda kazini una unyevu zaidi. Basi mtu huyo huja alfajiri. Akajifunga leso kiunoni, na adhana ya alfajiri ilipolia alikuwa ameshajibanza nyuma ya kabati la kuku, anautazama ule ukuta wa Mejumaa kama paka.

Hakuna aliyevuka ukuta. Swala ikaswaliwa, mbingu ikaanza kuwa nyeupe, na goti lilianza kumfa ganzi. Ndipo aliposikia nyayo. Hazikutoka kwa Mejumaa. Zilitoka ngazini, ndani ya nyumba hii hii. Ngazi moja, kisha kimya. Ngazi nyingine, kisha mtu anavuta pumzi, "Ya Rabbi." Kisha ngazi nyingine.

Akatokea Bi Mwanakuu, mtandio wa kuswalia bado kichwani, birika mkononi.

Alishika ukuta kwanza, apumzike. Kisha akaenda kwenye tangi, akafungua bomba lake, akajaza birika, na kuanza kumwagilia. Debe baada ya debe. Alikuwa akipapasa kila jani kwa vidole kwa kuwa jicho halimsaidii, na lililolegea akaliongezea maji. Na midomo ilikuwa ikisema. Nasipwondi alitega sikio.

"Mola wangu, thawabu za maji haya mfikishie mume wangu. Na hizi mboga za mwanangu zistawi, Swafia asije akazitoa. Mwanangu huyu asije akaniondokea."

Nasipwondi alijiziba mdomo kwa mkono. Nawaambia, kuna mzigo mtu huubeba mpaka akasahau kwamba ni mzigo, na ukimtoka ndipo anapojua ulivyokuwa ukimwumiza. Hakuna mtu anayemchukia! Siku zote zile za kulia, za kuwatazama majirani kwa pembe ya jicho, hapakuwa na adui hata mmoja. Palikuwa na mama mtu mzima na magoti yake mabovu, anayepanda ngazi zote zile kumwombea asiondoke. Alitaka kucheka, akataka kulia, akaishia kutoa mlio usiojulikana ni wa nini, na kuku wote wakaamka wakapiga makelele.

"Nani hapo?" Bi Mwanakuu akainua birika kama silaha.

"Ni mimi, mama."

"Subhanallahi! Wanitakia nife kwa mshtuko? Wafanya nini kwenye kabati la kuku?" Kisha akaona birika lililo mkononi mwake, akakasirika kweli kweli. "Sasa umeniharibia! Sadaka hii n'naificha tangu mwezi uandame. Mtu apata thawabu asipoonekana, nawe umejibanza hapo kuniangalia!"

"Nisamehe mama, sikujua."

"Hukujua nini? Kila siku naona wapandisha mitungi, waona haya kuteka kisima changu. Nikasema basi, huyu nitamtekea mwenyewe, kimya kimya. Mwezi ni mtukufu, marehemu apate fungu lake, nawe upumzike. Lakini naona hazishibi hizi. Nikipapasa nakuta zimelegea. Nikiongeza, kesho zimelegea zaidi."

Nasipwondi alifungua mdomo na maneno ya adabu yakawa tayari yamejipanga ulimini: ahsante mama, maji ya kisima ni mazuri, ila. Akayameza. Adabu hizo ndizo zilizowafikisha hapa.

"Mama," akasema, "maji ya kisima yana chumvi. Mboga haziyawezi. Ndiyo yanayoziua."

Bi Mwanakuu akasema kwa sauti ya mtu aliyeguswa kidonda, "Kisima cha babu yangu?"

"Ndiyo mama."

"Mkadi wangu ulio uani wayanywa maji hayo tangu sijaolewa. Wanukia mtaa mzima."

"Mkadi ni wa pwani, mama, umeyazoea. Mrenda ni wa bara, kama mimi."

"Na wewe hukunambia siku ile?"

"Niliona haya."

"Nami nikadhani waona haya kuteka." Bi Mwanakuu akaliweka birika juu ya ukuta, polepole. Akatazama madebe yale, akapapasa kijiti kilichokuwa mrenda. Mabega yakaanza kumtikisika, na Nasipwondi akakimbilia kumshika akidhani analia. Alikuwa anacheka. "Lahaula! Basi mwezi mzima naziua kwa thawabu! Marehemu huko aliko atakuwa anajiuliza ni sadaka gani hii yenye maiti nyingi hivi." Wakashikana wakacheka mpaka wakakaa chini, wote wawili, katikati ya ndoo za rangi, na hapo kwenda kazini kumeshachelewa.

Kwa Mejumaa ilikuwa kazi ngumu zaidi. Nasipwondi alitoka kazini akapitia Biashara Street akanunua doti ya leso, akamwomba mwenye duka amchagulie yenye maneno yasiyomchoma mtu yeyote, maana hali yake haikuruhusu makosa mengine. Akaenda kupiga hodi. Mejumaa aliisikiliza habari yote kwenye kizingiti, uso umekazwa. Ilipofika pa Bi Mwanakuu na birika, uso ukamponyoka.

"Bi Mwanakuu? Na magoti yale?" Akaipokea leso, akaikunjua, akayasoma maneno yake kwa makini kabla ya kuridhika. "Haya. Lakini ulinikosea sana, Nasipwondi."

"Nilikukosea."

"Nisingesema nawe mpaka Idi ya tatu." Kisha, kwa kuwa hawezi kunyamaza, "Sasa udongo ule utaufanyaje? Usiumwage. Embe zangu zikizidi chumvi sizitupi, naziosha. Tia maji matamu mengi, yashuke yatoke chini, utie tena. Vyombo vyako vina matundu?"

Jioni ile Crispus alipandisha mitungi mpaka akasahau kunung'unika. Waliosha udongo debe kwa debe, Mejumaa akisimamia kutoka ukutani kwake kama msimamizi wa bandari, na maji yaliyotoka chini Nasipwondi aliyaonja mwenyewe kwa kuwa Mejumaa amefunga. Adhana ya Magharibi ilipolia, mkono ulivuka ukuta na sahani ya kaimati. Crispus alizila karibu zote.

Lakini udongo kuoshwa si mboga kuota, na Idi haimngoji mtu. Siku ya Idi Swafia alikuja amevaa vizuri, ananukia udi, akala pilau, akasalimiana na watu, kisha akasema, "Haya mama, twende juu." Nasipwondi aliitwa. Alipanda nyuma yao.

Ilikuwa aibu. Mchicha kidogo, vijiti, na madebe matupu yenye udongo mweusi uliooshwa. Kuku mmoja alikuwa amesimama juu ya beseni. Swafia alizunguka akitazama, na mwisho akasema bila ukali, "Mama, tulikubaliana."

"Tulikubaliana zikiwa hazikutunzwa," akasema Bi Mwanakuu. "Hizi zilitunzwa. Nimeziua mimi. Nimezimwagilia maji ya kisima kila alfajiri mwezi mzima. Kama kuna mtu wa kutolewa juu ya dari hii, basi nitoe mimi."

Swafia alimgeukia. "Wewe ulikuwa ukipanda huku? Kila alfajiri?"

"Kwani nani mwengine?"

"Mama, nimekubembeleza miaka mingapi utoke sebuleni? Daktari kasema utembee, nimekununulia viatu, umeviweka kabatini. Nikikupigia simu waniambia hata mlangoni hufiki." Akamtazama mamake, aliyekuwa amesimama bila kushika ukuta, kisha akayatazama madebe. "Kumbe za kukutoa sebuleni zilikuwa mboga." Akakaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, na nguo zake za Idi, akafuta macho. "Zipandeni tena. Watalii watakunywa kahawa kwengine."

Nasipwondi alihisi pumzi ikimtoka yote mara moja, pumzi ya mwezi mzima.

Lakini Swafia ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara huuliza la mwisho. "Na huyu akihama je? Nasikia mumewe ametafuta nyumba Mikindani. Mama atapanda kumwagilia nini?"

Bi Mwanakuu aligeuza uso upande wa tangi, akashughulika na pindo la mtandio wake.

"Mimi sikuondokei, mama," akasema Nasipwondi.

Bi Mwanakuu akageuka ghafla. Neno lile alilijua. Alilisema mbele ya Mungu peke yake, alfajiri, juu ya debe la kunde. Akamtazama Nasipwondi kwa lile jicho lake zima, mpaka akaelewa kwamba nyuma ya kabati la kuku yalisikika yote.

"Nani aliyekwambia waondoka?" akasema kwa ukali wa uongo, machozi yakimshuka. Kisha akaliokota birika lake lililokuwa ukutani tangu siku ile, na akauliza maji matamu yako pipa gani.